MANENO MAKUBWA KULIKO MSEMAJI WAKE
Tangazo la Haki la Virginia na George Mason aliyeliandika

Katika vitabu vya historia vya shule habari za kuzaliwa kwa Marekani huanza karibu sikuzote na tarehe 4 Julai, 1776, na jina la Thomas Jefferson. Wachache hujua ya kuwa siku ishirini na mbili kabla ya tarehe ile, yaani tarehe 12 Juni, Baraza la Virginia lililokutana katika mji wa Williamsburg lilikuwa limekwisha kupitisha andiko jingine, fupi, lenye vifungu 16, liitwalo Tangazo la Haki. Mwandishi wake mkubwa alikuwa George Mason, mwenye mashamba ya tumbaku. Andiko hili ndilo nitakalo kulipima leo. Nitalipima kwanza kwa maneno yake, kisha kwa kazi liliyoifanya duniani, na mwisho kwa mkono ulioliandika.

Sababu ya kuandika ni swali. Nilipokuwa nikiwasomea wanafunzi wangu maana ya kifungu cha kwanza, kijana mmoja aliuliza, “Mwalimu, mtu huyu alikuwa na watumwa?” Nikajibu, “Ndiyo.” Akauliza tena, “Basi kwa nini twayasoma maneno yake?” Hapo kengele ikalia, nami nalifurahi kuisikia. Walakini swali halikutoka darasani pamoja na wanafunzi. Lilibaki nami, na makala hii ni jitihada ya kulijibu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. George Mason alizaliwa mwaka 1725. Baba yake alikufa maji mwaka 1735, mtoto angali mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na mjomba mmoja kwa ndoa, John Mercer, aliyekuwa mwanasheria mwenye maktaba kubwa. Katika vitabu vile ndimo Mason alimopata elimu yake. Hakuwa wakili, wala hakupenda vyeo. Alijenga nyumba iitwayo Gunston Hall, karibu na mto Potomac, akakaa humo na mke wake na watoto wao, na mara nyingi alisumbuliwa na ugonjwa wa jongo. Jirani yake alikuwa George Washington. Tena alikuwa na watumwa wapatao mia, walioyalima mashamba yale na kuitumikia nyumba ile. Neno hili la mwisho si la pembeni, nalo litarudi.

Mwezi wa Mei 1776 wajumbe wa Virginia waliazimu kuachana na mfalme wa Uingereza, wakachagua kamati ya kutunga Tangazo la Haki na mpango wa serikali mpya. Mason alifika amechelewa. Alipoiona kamati alinung’unika katika barua ya kwamba ina watu wengi wasio na faida, kisha akashika kalamu, na kwa siku chache akatoa rasimu ambayo wengine wote waliijenga juu yake. Kamati iliongeza vifungu na Baraza likarekebisha maneno, lakini mwendo wa fikira ulibaki wake.

Sasa tulitazame andiko. Sifa yake ya kwanza ni mpangilio. Halianzi na malalamiko juu ya mfalme, kama lilivyofanya sehemu kubwa ya Tangazo la Julai. Laanza na mwanadamu: ya kuwa watu wote kwa asili yao ni huru sawasawa, nao wana haki walizozaliwa nazo, za uhai, na uhuru, na kupata mali, na kutafuta furaha na salama. Kifungu cha pili chasema mamlaka yote yatoka kwa watu, na watawala ni wadhamini na watumishi wao. Cha tatu chasema serikali imewekwa kwa faida ya wote, na ikishindwa kazi yake, walio wengi wana haki ya kuigeuza au kuiondoa. Mtu asomaye vifungu hivi vitatu kwa utaratibu aona jinsi kila kimoja kinavyozaa kinachofuata, kama fundi awekavyo jiwe juu ya jiwe: kwanza mtu, kisha watu, kisha serikali. Mfalme hana nafasi katika jengo hili, naye ameondolewa pasipo kutajwa.

Sifa ya pili ni kwamba andiko hili halikutosheka na mambo ya juu. Lashuka mpaka mlangoni pa nyumba ya mtu na mpaka kizuizini. Lasema askari wasipewe hati ya kupekua mahali na kukamata watu pasipo ushahidi wala jina. Lasema mshitakiwa aambiwe kosa lake, akabiliane uso kwa uso na wanaomshitaki, ahukumiwe na watu kumi na wawili wa ujirani wake, wala asilazimishwe kujishuhudia mwenyewe. Lakataza adhabu za kikatili, na latetea uhuru wa magazeti. Maneno makubwa juu ya uhuru ni rahisi kuyaandika. Lakini mwandishi akumbukaye hali ya mfungwa aliye peke yake mbele ya hakimu ameifikiri kazi yake.

Napenda zaidi kifungu cha tano. Humo imesemwa ya kuwa wenye mamlaka ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza warudishwe kwa nyakati maalum katika hali ya raia, ili wauonje mzigo wanaoubeba watu wengine na hivyo wazuiwe wasionee. Hapa twasikia sauti ya mtu aliyeujua moyo wa mwanadamu. Aliyelipa kodi jana ataifikiri vema kabla ya kuitoza kesho.

Yafaa pia kueleza habari ya kifungu cha mwisho, kinachohusu dini, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mwandishi. Mason aliandika kwamba watu wote wapewe uvumilivu kamili katika ibada yao. Katika Baraza alikuwapo kijana wa miaka 25, jina lake James Madison, aliyekuwa amechukizwa na habari za wahubiri wa Kibaptisti waliotiwa gerezani katika Virginia kwa kuhubiri. Kijana huyu aliliona kosa. Kumvumilia mtu ni kumpa ruhusa, na atoaye ruhusa aweza kuiondoa. Kwa shauri lake neno likabadilishwa, ikaandikwa ya kuwa watu wote wana haki sawa ya kuifuata dini kama dhamiri yao inavyowaongoza. Neno moja limetolewa, jingine limetiwa, na mwombaji amekuwa mwenye haki. Wanaosema kwamba mabishano juu ya maneno ni kazi ya wasio na kazi, na wakitafakari kifungu hiki.

Lakini neno laweza kuponya, na neno laweza kudhuru, na kifungu cha kwanza ni shahidi. Rasimu ilipoletwa Barazani, wajumbe wengine walishtuka. Robert Carter Nicholas aliuliza, itakuwaje maneno haya katika nchi yenye watumwa? Swali lake lilikuwa la haki, ingawa nia yake haikuwa kuwafungua watumwa bali kuyafunga maneno. Siku kadha zikapita katika mabishano. Mwisho likatiwa fungu dogo: kwamba haki zile ni za watu waingiapo katika hali ya ushirika wa jamii. Wajumbe wakaridhika, kwa maana kila mmoja alijua maana iliyofichwa, kwamba mtumwa hakuhesabiwa kuwa ameingia katika jamii. Alikuwamo nyumbani na shambani, akipika na kulima na kulea watoto wa bwana wake, bali katika jamii hakuwamo.

Hapa ndipo ninapolilaumu andiko hili, na silaumu kwa kipimo cha zamani zetu tu. Nalilaumu kwa kipimo chake lenyewe. Kifungu kile kile chaendelea kusema ya kuwa watu hawawezi, kwa mapatano ya namna yo yote, kuwanyang’anya wazao wao haki hizo. Ni neno zuri mno: baba hana mamlaka ya kuuza uhuru wa mtoto ambaye bado kuzaliwa. Lakini tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilikuwa imesema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, basi mtoto wa mtumwa mwanamke ni mtumwa tangu tumboni. Haki ya wazao ilitetewa kwa mstari mmoja, na desturi ya kuwanyang’anya wazao ikalindwa kwa mstari ulio kando yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Watu wa Virginia walipochomwa na mkuki wa mfalme walilia kwa sauti iliyosikiwa ulimwenguni. Na mkuki ule ule ulikuwa mikononi mwao.

Kuna kasoro ya pili, nayo ni ya lugha. Vifungu vingi havikuandikwa kwa amri bali kwa nasaha. Havisemi “haitafanyika”, vyasema “haipasi kufanyika”. Uchaguzi wapasa kuwa huru. Dhamana kubwa mno haipasi kutakwa. Mwalimu ajua tofauti ya kumwambia mtoto “haikupasi kuchelewa” na kumwambia “usichelewe”. Andiko lililokuja baadaye, yaani masahihisho kumi ya Katiba ya Marekani yaliyothibitishwa tarehe 15 Desemba, 1791, lilichukua mengi kutoka kwa Mason, lakini likaacha nasaha na kushika amri.

Kasoro ya tatu yaonekana katika mpango wa serikali uliopitishwa tarehe 29 Juni, 1776, nao pia Mason alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Tangazo lilisema mamlaka ya kutunga sheria, ya kuzitekeleza na ya kuhukumu yatengwe. Lakini mpango ulifanya nini? Gavana alichaguliwa na mabaraza mawili ya kutunga sheria, kwa mwaka mmoja mmoja, wala hakuweza kuzuia sheria waliyoipitisha. Majaji nao walichaguliwa na mabaraza yale yale. Kwa kumwogopa mfalme mmoja, walikusanya nguvu zote katika nyumba moja yenye vyumba viwili. Patrick Henry alikuwa gavana wa kwanza, na Jefferson alishika kazi ile tangu 1779 hata 1781, wakati majeshi ya Uingereza yalipoikimbiza serikali toka Richmond mpaka Charlottesville na kupita. Baadaye Jefferson aliandika kwa uchungu kwamba mamlaka yote yalirudi kwa watunga sheria, na ya kuwa wakandamizaji wengi si bora kuliko mmoja. Tena mpango huu haukupelekwa kwa watu waukubali au waukatae, na kura ilibaki kwa wenye ardhi. Andiko lililosema mamlaka yote yatoka kwa watu halikuwauliza watu.

Hata hivi haitoshi kulipima andiko ndani ya nyumba lilimozaliwa. Maneno yakisha kupigwa chapa huenda yasikotumwa. Magazeti yaliichukua rasimu ya Mason mapema, kabla haijarekebishwa, na nchi nyingine za Marekani zikaiiga. Pennsylvania iliiga mwaka ule ule. Massachusetts ilipotunga katiba yake ya mwaka 1780, John Adams aliandika kifungu cha kwanza kinachofanana sana na cha Mason. Na katika katiba ile watu wakaandikwa kuwa wamezaliwa huru na sawa, pasipo lile fungu la hali ya jamii. Katiba ile ilipelekwa kwa miji ijadiliwe na kukubaliwa na watu.

Mwaka uliofuata, 1781, mwanamke mtumwa jina lake Bett, asiyejua kusoma, alimwendea wakili Theodore Sedgwick na kumwomba adai uhuru wake kwa sheria ile mpya. Kesi ikasikilizwa katika mji wa Great Barrington, Bett na mwenzake Brom wakashinda, naye Bett akajiita Elizabeth Freeman. Muda si mrefu, katika kesi za Quock Walker zilizomalizika mwaka 1783, Jaji Mkuu William Cushing alisema ya kuwa utumwa haupatani na katiba ya Massachusetts. Sidai ya kuwa maneno peke yake yalifanya kazi hii. Massachusetts haikuwa nchi ya tumbaku, na watumwa wake walikuwa wachache. Haki hupita upesi zaidi mahali ambapo haipunguzi sana mfuko wa mtu. Lakini bila maneno yale Bett angalishika nini mkononi mbele ya hakimu?

Katika Virginia mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1806 ililetwa kesi ya Jackey Wright na watoto wake, waliodai kuwa si watumwa. Jaji George Wythe, aliyekuwa mwalimu wa Jefferson katika sheria, alihukumu kuwa wako huru, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kifungu cha kwanza cha Tangazo la Haki: kwamba uhuru ni haki ya kuzaliwa ya kila mtu. Mahakama ya rufani iliwaacha huru kwa sababu ya ukoo wao wa Kihindi wa Marekani, lakini ikaikataa sababu ile ya Wythe. Jaji St. George Tucker alieleza kwamba kifungu kile kilitungwa kwa uangalifu juu ya jambo hili hili, wala hakikuwahusu watumwa. Na Tucker huyu mwenyewe mwaka 1796 alikuwa ametoa kitabu cha kupendekeza utumwa uondolewe kidogo kidogo! Basi fungu lililotiwa mwaka 1776 lilifanya kazi liliyowekewa. Miaka 30 baadaye lilikuwa bado likisimama mlangoni kama askari wa zamu.

Turudi sasa kwa Mason mwenyewe, maana swali la mwanafunzi wangu lilimhusu yeye. Alijua kwamba utumwa ni uovu? Yakini alijua. Mwaka 1774 maazimio ya wilaya ya Fairfax, ambayo alikuwa na mkono mkubwa katika kuyaandika, yalitaka biashara ya kuleta watumwa ikomeshwe. Tarehe 22 Agosti, 1787, katika mkutano wa Philadelphia uliotunga Katiba ya Marekani, alisimama akasema ya kuwa utumwa hudhoofisha kazi za mikono, humfanya kila bwana kuwa mkandamizaji, na huiletea nchi hukumu ya Mungu. Ni wachache katika mkutano ule waliosema kwa ukali kama yeye. Mwisho alikataa kutia sahihi Katiba ile, pamoja na Edmund Randolph na Elbridge Gerry. Na lawama yake ya kwanza ilikuwa kwamba haina Tangazo la Haki. Kukataa huko kuliharibu urafiki wake na Washington. Hapa twamheshimu, kwa kuwa alipoteza kitu kwa ajili ya neno alilolisadiki.

Lakini mtu huyu huyu, katika baraza la Richmond mwezi wa Juni 1788, alilalamika mambo mawili pamoja: ya kwamba Katiba yaruhusu biashara ya watumwa iendelee kwa miaka 20, na ya kwamba hailindi mali ya wenye watumwa waliopo. Alitaka mlango ufungwe wasiingie wengine, na wale waliokwisha kuwa ndani wasitoke. Tangu mwaka 1782 sheria ya Virginia ilimruhusu bwana kuwafungua watumwa wake kwa hati au kwa wasia. Mason alikufa tarehe 7 Oktoba, 1792, wala katika wasia wake hakuwafungua. Aliwagawia watoto wake. Washington, ambaye hakuandika Tangazo lo lote la Haki, aliagiza katika wasia wake wa mwaka 1799 kwamba watumwa wake mwenyewe wafunguliwe. Naye alichelewa mno, lakini alitenda.

Basi nimjibuje kijana yule? Wengine watasema, tuyatupe maneno pamoja na msemaji. Wengine watasema, tumsamehe msemaji kwa ajili ya maneno, kwa kuwa zamani zake zilikuwa hivyo. Majibu yote mawili hayanipendezi. La pili si kweli, maana mtu aliyesema mbele ya mkutano kwamba utumwa waleta hukumu ya Mungu hakukosa kujua. La kwanza lamwondolea Bett silaha yake.

Twakumbuka habari ya Nathani alipomwendea mfalme Daudi na kumsimulia juu ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini. Daudi akaghadhibika, akatoa hukumu ya haki, asijue ya kuwa anajihukumu mwenyewe. Hukumu ile haikuwa mbovu kwa sababu hakimu alikuwa na hatia; wala hakimu hakutakasika kwa sababu hukumu ilikuwa njema. Kilichohitajiwa ni mtu wa kumwonyesha kwamba maneno yake yamemhusu yeye. George Mason alitoa hukumu ya haki mwaka 1776. Bett alikuwa Nathani kwa watu wa Massachusetts, nao wakasikia. Wythe alitaka kuwa Nathani kwa watu wa Virginia, nao wakaziba masikio, hata vita kuu ya mwaka 1861 hadi 1865 ikaja kuwazibua.

Kwa hiyo nitamwambia: twayasoma maneno ya mtu huyu ili tumhukumu nayo, yeye kwanza, kisha na sisi wenyewe. Tena nitamwonyesha lile fungu dogo lililotiwa na Baraza, na nitamtaka alisome polepole. Kila sheria njema ina mahali ambapo mtu aweza kuchomeka maneno machache ili jirani yake abaki nje. Msomaji mwema ni yule atafutaye mahali hapo, akaweka kidole, akauliza ni nani aliyeachwa nje, na kwa faida ya nani.